Farasi wa Kazi Ahitaji Malalo Makavu

Mtu amwonaye farasi akisinzia hali amesimama, kichwa kimeinama na mguu mmoja wa nyuma umelegezwa, aweza kudhani kwamba mnyama huyu hana haja ya kitanda. Dhana hiyo ina nusu ya ukweli tu. Maumbile yamempa farasi kano zinazoweza kuvikaza viungo vya miguu yake, hata akasinzia bila kuanguka. Lakini usingizi ule mzito, ambao misuli yote hulegea na ubongo ukapumzika sawasawa, farasi haupati mpaka ajilaze chini.

Usingizi huo si mrefu. Katika saa 24 farasi mzima huhitaji kiasi cha nusu saa hadi saa moja tu, tena kwa vipindi vifupi vifupi. Hata hivyo, akiukosa kwa siku nyingi mfululizo huanza kuyumba. Magoti humkunjika ghafula angali amesimama, naye hupata majeraha mbele ya viungo vya miguu kwa kuanguka mara kwa mara. Farasi wa namna hiyo ni hatari kwake mwenyewe na kwa askari aliye juu ya mgongo wake.

Kwa nini basi farasi akatae kulala? Farasi ni mnyama wa kuwindwa, na silaha yake kubwa ni mbio. Hajilazi mahali asipopaamini. Sakafu ikiwa ngumu, ikiwa chepechepe, au ikiwa inateleza kiasi cha kumzuia kuinuka upesi, atasimama usiku kucha. Ndiyo sababu watunzaji wa farasi, tangu zamani, wametandika mabua makavu katika mabanda yao. Malalo hayo si anasa ya mnyama wa tajiri. Ni sehemu ya matunzo, kama yalivyo maji na chakula.

MABUA SI MAJANI YA MALISHO

Yafaa kwanza kutofautisha vitu viwili ambavyo kwa mbali hufanana. Majani makavu ya malisho ni nyasi zilizokatwa zingali na nguvu zake, zikaanikwa na kuwekwa akiba ili mnyama ale. Mabua ni mashina yabakiayo baada ya ngano, shayiri au oti kukomaa na kupurwa. Nafaka imekwisha kutoka, nguvu ya chakula imebaki kidogo, na rangi yake ni ya dhahabu. Majani ya malisho huwekwa horini. Mabua hutandikwa sakafuni.

Bua la ngano ni kama mrija: lina uwazi ndani, na ngozi yake ya nje ina utelezi kama wa nta. Kwa sababu hiyo mabua yakirundikwa hushika hewa nyingi katikati yake. Hewa hiyo humkinga farasi na baridi ya sakafu na kuyafanya malalo yawe na mnepo. Mkojo nao hupenya kati ya mabua ukashuka chini, na tabaka la juu likabaki kavu. Mabua hunyonya maji kiasi cha mara 2 hadi 3 ya uzito wake. Lakini kazi yake si kunyonya tu, bali pia kumwinua mnyama juu ya unyevu.

Hapo ndipo sakafu inapohusika. Mkojo ulioshuka usipopata njia ya kutoka, hutuama chini ya malalo, na uzuri wa juu huficha uozo wa chini. Sakafu njema haitelezi, nayo ina mwinamo mdogo wa kuelekeza maji kwenye mfereji.

Maarifa haya si mageni. Xenophon, askari na mwandishi wa Athens, aliandika kitabu juu ya upandaji wa farasi katika karne ya 4 kabla ya Kristo. Humo alionya kwamba sakafu yenye unyevu na utelezi huharibu hata kwato zilizo njema. Alishauri sakafu iwe na mwinamo na mifereji, na itandazwe mawe yaliyobanana, kila moja likikaribia ukubwa wa ukwato. Tena alitaka mtunzaji aondoe kinyesi na takataka za banda kila siku na kuvipeleka mahali pamoja. Yapata miaka 2,400 imepita, na agizo hilo halijapata lililo bora zaidi.

RATILI 8 KWA SIKU

Majeshi yaliyotegemea farasi yaliyahesabu mabua pamoja na posho. Katika jeshi la Uingereza la karne ya 19, farasi wa kikosi aliyekaa kambini wakati wa amani aliandikiwa kwa kawaida ratili 10 za oti, ratili 12 za majani makavu ya malisho, na ratili 8 za mabua kwa siku. Yaani kilo 3 na nusu hivi za malalo. Msimamizi wa ghala alipaswa kuyatolea hesabu mabua hayo kama alivyoitolea hesabu nafaka.

Kiasi hicho hakikuwa kikubwa, na kilitosha kwa sababu ya nidhamu. Alfajiri askari waliyatoa malalo, wakatenga yaliyolowa na kuyatupa, na yale yaliyoloa kidogo wakayaanika nje juani. Jioni yaliyokauka yalirudishwa, na mapya yakaongezwa juu. Mabua machache yaliyotunzwa vizuri yalimfaa farasi kuliko mengi yaliyoachwa kuoza.

Hilo halina budi kukumbukwa popote penye farasi wa serikali au wa mtu binafsi. Farasi mzima mwenye uzito wa kilo 450 hadi 500 hutoa kilo 15 hadi 25 za kinyesi kwa siku moja, na mkojo lita 5 hadi 10, pengine zaidi. Banda likiachwa siku tatu tu bila kusafishwa, mnyama huyo amesimama juu ya chungu ya uchafu wake mwenyewe.

KUYACHAGUA MABUA

Mabua ya ngano ndiyo yanayopendwa kuliko mengine. Ni magumu kiasi, hupitisha maji vizuri, na farasi hayafurahii sana kuyala. Mabua ya oti ni laini na matamu, na kwa hiyo farasi huweza kula kitanda chake chote kabla ya asubuhi. Mabua ya shayiri hutumika, lakini aina nyingine zina miiba ya masuke ambayo huwasha ngozi na kuchoma macho au midomo.

Mnunuzi asitazame rangi ya nje ya robota peke yake. Hana budi kulifungua. Mabua mema hung'aa, ni marefu, na harufu yake ni safi. Yakiwa na madoa meusi au ya kijivu, yakiwa yameshikana vipande vipande, yakinukia uvundo, au yakitoa wingu la vumbi yanapokung'utwa, hayafai hata yakitolewa bure. Ukungu hauondoki kwa kuanikwa: unyevu hukauka, lakini mbegu za ukungu hubaki, nazo zikikauka huruka kwa wepesi zaidi.

Mashine kubwa za siku hizi, zivunazo na kupura kwa wakati mmoja, nyingine huyakatakata na kuyaponda mabua. Mabua mafupi hushikana chini na kutoa vumbi jingi kuliko marefu. Anayenunua moja kwa moja shambani aweza kumwomba mwenye shamba amwachie marefu, naye ayafunge mara tu yanapokauka, kabla mvua haijayapata.

Ghala nalo liwe na paa lisilovuja, na marobota yapangwe juu ya mbao au magogo ili yasiguse ardhi. Moto, sigara na taa ya utambi vikae mbali kabisa. Mabua makavu hushika moto upesi, na farasi aliyefungiwa hawezi kujifungulia mlango. Ndoo za maji na mchanga zikae tayari nje ya banda sikuzote.

JINSI YA KUTANDIKA

Chumba cha farasi mmoja kwa kawaida huwa na upana wa mita 3.6 na urefu kama huo. Kabla ya kutandika, farasi hutolewa nje. Sakafu hufagiwa, huoshwa ikibidi, na kuachwa ikauke. Kamba za marobota hukatwa na kuhesabiwa, maana kamba moja iliyosahaulika ndani ya malalo yaweza kumnasa farasi miguu au kuingia tumboni mwake.

Mabua hayamwagwi kama yalivyotoka katika robota, bali hukung'utwa kwa uma wa shamba mpaka yakae hovyo hovyo, moja huku na jingine kule. Yakilala yote upande mmoja hutengana mara farasi akanyagapo, na sakafu ikaonekana. Unene ufikie sentimita 15 hadi 30. Kipimo cha saisi ni uma wake: akiuchoma kwenda chini na meno yakagonga sakafu kwa urahisi, malalo bado ni haba. Kipimo kingine ni goti: mtu akipiga goti kwa nguvu juu ya malalo asisikie ugumu wa saruji, na akiinuka suruali yake iwe kavu.

Kandokando ya kuta mabua hurundikwa yakawa kama tuta. Farasi hupenda kujigaragaza, na akijigaragaza karibu mno na ukuta miguu yake huweza kubanwa asiweze kuinuka. Farasi aliyebanwa hivyo hupapatika kwa hofu, akajiumiza, na pengine akafa. Tuta la mabua humsukuma arudi katikati ya chumba.

Baada ya kazi hiyo farasi asirudishwe papo hapo. Vumbi lililoinuka lapasa kupewa muda wa kutua. Tena farasi mwenye njaa asiingizwe juu ya mabua mapya kabla ya kupewa majani yake ya malisho. Akiyala mabua kwa pupa, hasa akiwa hakuyazoea, huweza kufunga choo na kupatwa na msokoto wa tumbo, ugonjwa ambao umeua farasi wengi.

KAZI YA KILA ASUBUHI

Kila asubuhi saisi huanza kwa kuondoa kinyesi, kisha hutenga mabua makavu upande mmoja na kuyatoa yale yaliyolowa. Sakafu huachwa wazi ipate hewa kwa muda, na jioni malalo hupangwa upya na kuongezwa mapya. Mchana, kila kinyesi kinapoonekana huzolewa, maana farasi akikikanyaga hukichanganya na mabua mema na kuyaharibu.

Pako pia desturi ya kuacha malalo yajijenge: kinyesi huondolewa, mabua mapya huongezwa juu kila siku, na banda zima husafishwa baada ya wiki au miezi. Njia hiyo hupunguza kazi na huleta joto katika nchi za baridi kali. Lakini yataka uangalifu mkubwa na hewa ya kutosha. Mtunzaji mvivu akiifuata, malalo hugeuka kinamasi.

Matokeo ya unyevu huanzia miguuni. Katikati ya ukwato wa farasi, upande wa chini, ipo sehemu yenye umbo la pembetatu, laini kuliko ukuta wa ukwato. Ikikaa katika mkojo na kinyesi hushambuliwa na bakteria, ikaoza, ikatoa majimaji meusi yenye uvundo mkali. Farasi huanza kuchechemea, na kazi yake husimama. Dawa zipo, lakini dawa ya kwanza ni sakafu kavu na kwato zilizosafishwa kila siku.

Mtunzaji naye ajilinde. Vijidudu vya pepopunda huishi udongoni na katika kinyesi cha wanyama, cha farasi hasa, nao huingia mwilini kwa njia ya jeraha. Saisi avae viatu vizito, aoshe na kufunga kila mchubuko, na apate chanjo kama ashauriwavyo na mganga. Farasi pia huchanjwa, kwani pepopunda humuua upesi.

MABUA YANAYOZIBA PUMZI

Pamoja na sifa zote hizo, mabua yana ila yake kubwa, nayo ni vumbi. Farasi hapumui kwa mdomo kama mwanadamu achokapo. Pumzi yake yote hupita puani. Alalapo chini, pua yake imo ndani ya malalo. Chochote kirukacho kutoka katika mabua, yaani vumbi, chembe za ukungu au wadudu wasioonekana kwa macho, huenda moja kwa moja mapafuni.

Farasi wengi hustahimili. Wengine hupata ugonjwa wa kifua unaofanana na pumu: kikohozi kikavu, makamasi, na pumzi inayovutwa kwa taabu hata misuli ya tumbo ikachora mstari ubavuni. Ugonjwa huo huweza kutulizwa, lakini farasi aliyekwisha kuupata hubaki na wepesi wa kuugua tena kila akutanapo na vumbi. Hata farasi wa mbio hodari aweza kukosa pumzi kwa sababu ya robota moja lililowekwa penye kuvuja.

Adui wa pili wa pumzi ni amonia. Mkojo unapooza, bakteria hugeuza sehemu yake kuwa hewa hiyo kali inayowasha macho na koo. Mkaguzi apitaye mlangoni huenda asiisikie. Hana budi aingie na kuchuchumaa mpaka pua yake ifike mahali ilipo pua ya farasi aliyelala. Macho yake yakichomwa hapo, malalo ni machafu, hata juu yakionekana kama dhahabu.

Kwa farasi mwenye kifua kibovu, daktari wa mifugo hushauri malalo mengine: maranda ya mbao yasiyo na vumbi, vipande vya karatasi, au mikeka ya mpira yenye maranda kidogo juu yake. Kila kimoja kina kasoro yake. Unga wa mbao huruka kama vumbi la barabara. Mikeka mitupu hubaki na mkojo juu. Na maranda hayafanani yote: huko Marekani ya Kaskazini maranda ya mti uitwao black walnut yamejulikana kusababisha uvimbe mkali ndani ya kwato za farasi, hata kwa kuyakanyaga tu.

Hata hivyo, pale ambapo kifua cha farasi ni kizima, mabua yana ushahidi wake. Mwaka 2004 watafiti wa Denmark walichapisha habari za farasi 8 waliolazwa kwa zamu juu ya mabua na juu ya maranda. Farasi hao walilala kwa ubavu, miguu imenyooshwa, muda mrefu zaidi walipokuwa juu ya mabua. Na ulalo huo ni dalili ya mnyama aliyetulia. Mapema zaidi, mwaka 1995, uchunguzi uliofanywa Uingereza juu ya farasi wa mbio ulionyesha kwamba tabia mbaya za mabandani, kama kutafuna mbao na kuyumba huku na huku bila kukoma, zilielekea kuonekana zaidi mahali ambapo malalo hayakuwa ya mabua. Sababu yaeleweka: farasi aliumbwa kutafuna sehemu kubwa ya siku, na mabua humpa cha kudonoa anapofungiwa peke yake.

Jibu basi si kuyasifu mabua wala kuyalaani. Jibu ni kumjua kila farasi, kulijua kila robota, na kufungua madirisha.

USIKU WA AFRIKA MASHARIKI

Kufungua madirisha ni rahisi kusema. Katika Afrika ya Mashariki kuna jambo linalolitatiza. Farasi hawakuenea sana katika sehemu hizi kwa sababu ya magonjwa mawili makubwa. La kwanza ni nagana, liletwalo na mbung'o, ambalo katika vita vya 1914 hadi 1918 liliangamiza farasi wengi mno wa majeshi yaliyopigana katika eneo hili. La pili ni tauni ya farasi ya Afrika, inayoenezwa na visubi wadogo sana warukao kati ya jioni na alfajiri. Mahali ambapo farasi hawana kinga, tauni hiyo huweza kuua 9 katika kila 10. Punda kwa kawaida hawaugui vikali kama farasi.

Kwa ajili ya visubi hao, farasi huingizwa bandani kabla ya jua kuchwa na kutolewa baada ya kucha, juu ya kuchanjwa. Maana yake ni kwamba farasi wa huku, hata akishinda malishoni mchana kutwa, huwa juu ya malalo yake saa 12 au zaidi kila siku. Banda likizibwa kabisa kuwazuia visubi, amonia humkaba. Likiachwa wazi, visubi huingia. Njia ya kati ni wavu wenye matundu madogo sana madirishani na milangoni, ili hewa ipite na mdudu abaki nje. Lakini wavu hupunguza mwendo wa hewa, na kwa hiyo usafi wa malalo huwa na uzito maradufu.

Aidha uchafu wenyewe huwalea maadui. Baadhi ya visubi hao huzaliana katika udongo wa majimaji uliochanganyika na kinyesi. Inzi wa mabandani, yule aumaye na kunyonya damu, hutaga mayai yake katika mabua yaliyooza yenye mkojo na samadi. Tangu yai hadi inzi kamili hupita wiki 2 hadi 4 kwa kadiri ya joto. Mtunzaji aondoaye mabua machafu kila siku na kulisafisha banda lote kila wiki huukata uzazi huo kabla haujatimia. Farasi apigaye miguu chini usiku kucha kwa kuumwa na inzi halali, hata akitandikiwa mabua mazuri namna gani.

Mabua yenyewe hupatikana karibu na mashamba ya nafaka. Kenya hulima ngano Narok, Nakuru na Uasin Gishu, nayo ina farasi wa mbio katika uwanja wa Ngong jijini Nairobi. Tanzania hulima ngano Hanang na Kilimanjaro Magharibi, na Jeshi lake la Polisi lina kikosi cha mbwa na farasi. Nchini Uganda, miteremko ya Kapchorwa hutoa ngano na shayiri, na huko huko punda hubeba mizigo ya wakulima. Punda ni ndugu wa farasi. Naye akitoka mlimani na gunia mgongoni, mahali pakavu pa kulala humfaa vivyo hivyo.

MALI ITOKAYO BANDANI

Mabua yaliyochafuka hayatupwi. Yakirundikwa vizuri mahali pasipo maji ya kutuama, mbali na banda na kisima, huanza kuchemka yenyewe. Katikati ya rundo joto huweza kupita digrii 60 za sentigredi, likaua mayai ya inzi, minyoo na mbegu za magugu. Kingo za rundo, ambazo hazipati joto hilo, hugeuzwa zikaingizwa ndani. Baada ya miezi kadhaa hupatikana mboji nyeusi isiyonuka, ifaayo mboga na migomba.

Mabua yasitiwe shambani yakiwa mabichi ya mkojo. Vijidudu viyaozeshavyo hutumia naitrojeni ya udongo kwa kazi hiyo, na mimea ikanyauka rangi ya njano. Wafaransa waligundua zamani faida nyingine: samadi ya farasi yenye mabua ya ngano ndiyo iliyokuza uyoga katika machimbo ya mawe chini ya mji wa Paris katika karne ya 19.

FUNZO KWA KILA NYUMBA

Si jamaa nyingi za askari zilizo na farasi. Lakini nyumba nyingi zina mbuzi, kuku, sungura au ng'ombe wa maziwa, na kanuni za malalo ni zile zile. Mabua ya mpunga, makapi na maranda safi hufaa. Malalo yawe makavu, yawe na unene wa kutosha, na yageuzwe au kubadilishwa kabla hayajanuka. Mabua yenye ukungu yasitumike kwa mnyama yeyote, wala watoto wasicheze juu yake, hasa wenye pumu. Anayeyakung'uta afunge kitambaa puani, kwa maana vumbi la ukungu huyaharibu mapafu ya binadamu kama ya farasi, na wakulima wa nchi nyingi wameugua kwa sababu hiyo.

Kwa wakuu wa vikosi vyenye farasi, yafaa ukaguzi wa banda usiishie kwenye hatamu zilizosuguliwa na matandiko yaliyopakwa mafuta. Mkuu na ainue kwato, atie mkono chini ya malalo, achuchumae na kuvuta pumzi. Hapo atajua saa ile ile ni nani aliyefanya kazi na ni nani aliyefunika uchafu kwa mabua mapya.

Farasi hawezi kutoa taarifa kwamba hakulala. Husema kwa miguu inayoyumba, kwa kikohozi, na kwa mwendo uliopoteza wepesi wake. Na mara nyingi husema hivyo barabarani, askari akiwa juu yake. Uma, toroli na nusu saa ya jasho kila asubuhi ni gharama ndogo kuliko farasi mlemavu. Wahenga walikwisha kusema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.